Sabuni ya Mche Kwanza: Cha Kununua kwa Usafi wa Nyumba

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha usafi, chukua sabuni ya mche. Inafua, inaosha vyombo, inasugua sakafu na kutakatisha kola za mashati ya shule. Nunua mche mzima, maana ukijumlisha bei ya vipande utaona umelipa zaidi. Soma gramu kwenye karatasi yake kabla ya kulinganisha bei, kwa sababu miche miwili inayolingana kwa macho inaweza kupishana uzito. Ukifika nyumbani ikate, ipange kivulini penye hewa, iache wiki mbili tatu. Sabuni mbichi ina maji mengi na huyeyuka upesi, iliyokauka hudumu. Ukitaka ya maji, ikwangue kwenye maji ya moto.

Ya pili ni magadi, yale ya kulainishia maharage. Maji ya kisima yakikataa povu, koroga kijiko kimoja kwenye ndoo kabla ya kutia sabuni. Yanakata mafuta ya jiko vizuri sana. Sufuria za alumini usiziguse nayo, zitakuwa nyeusi.

Hizo alumini ni kazi ya ndimu, ambayo naiweka ya tatu pamoja na siki. Chemsha maji yenye ndimu ndani ya birika lenye ukoko mweupe, utabanduka. Nunua ndimu msimu wake, zikiwa rahisi. Usizitumie kwenye sakafu ya terazo, asidi inaila. Na usichanganye siki na magadi kwa kuona vinatoa povu: vinauana nguvu, umetupa vyote viwili.

Ya nne, jiki. Chooni na kwenye nguo nyeupe ina kazi yake halali. Chukua chupa ndogo yenye tarehe, kwani hupoteza nguvu ikikaa. Isikutane kamwe na ndimu wala siki. Inatoa gesi inayoumiza mapafu.

Sabuni ya maji inayopimwa kwenye chupa za maji ya kunywa naiweka chini kabisa. Haina lebo, hujui imezimuliwa kiasi gani, na mtoto anaweza kuinywa. Vipulizi vya manukato sivinunui. Hela hiyo inatosha fagio la chelewa na dodoki.