Nilivyobadilisha shafti za mbele Gerezani, na yule kijana wa kaunta

Jamani hii naiandika nikiwa na hasira zangu hivi hivi, mnivumilie.

Kama una gari ya zamani na ukikata kona usukani ukiwa mwisho inalia tak tak tak, hizo ni sivi jointi za nje zimekwisha, yaani viungo vya shafti inayozungusha tairi, vile vya upande wa tairi, na mara nyingi kilichoziua ni raba inayozifunika tu. Raba ikichanika grisi yote inarukia ndani ya rimu, mchanga unaingia, na vumbi la njia zetu mnalijua, basi jointi haina maisha. Corolla 110 yangu ilifika hapo pande zote mbili. Kulia ndo ilizidi, ukikanyaga mafuta kwenye mlima inatetemeka mpaka dashibodi, hiyo tena ni jointi ya ndani, ile ya upande wa gia boksi.

Hela ya shafti mpya kabisa za Toyota sina, na kwa gari ya umri ule sidhani kama wengi wanazinunua. Ikifa jointi ya nje peke yake unaweza kuchukua ya Kichina maisha yakaendelea, ila mimi kulia zilikuwa zimekufa zote, kwa hiyo fundi akashauri tuchukue shafti nzima nzima za mtumba wa Japani, kushoto na kulia, maana hazilingani urefu. Tukaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, duka silitaji, nikabishana bei mpaka koo likakauka, nikalipa laki mbili na ushee kwa zote, risiti ina jina langu.

Ya kulia, aisee, mtetemo uliisha siku ile ile. Ya kushoto ikalia vilevile kama hatujagusa kitu.

Nikamwambia fundi chomoa. Akaishika, akaitikisa jointi ya nje, inacheza, unasikia kabisa chuma kinagonga ndani. Nikainama kuangalia mwenyewe: chuma chote kutu, halafu klampu ya raba ni mpya inang'aa, ya kukaza na bisibisi, na grisi mbichi imechuruzika pembeni. Yaani mtu kaifungua kaishindilia grisi ili inyamaze kidogo, akaniuzia mimi. Hapo bado nilikuwa na utulivu, nikajua mtumba ni mtumba, nitabadilishiwa.

Kijana wa kaunta hata hakuigusa. Akachungulia nyuma yangu kama anatafuta mtu, akauliza, "Dada, fundi wako yuko wapi?" Nikamwambia fundi yuko gereji, aliyelipa ni mimi. Akasema, "Haya mambo mwachie fundi dada, we huwezi kuelewa. Kwanza mtumba haurudishwi, na hiyo ikitembea tembea itakaa sawa." Akamgeukia mteja mwingine.

Itakaa sawa! Jointi iliyolika inaponaje kwa kutembea? Nikaiweka shafti juu ya kaunta na grisi yake, nikaitikisa wateja wote wakasikia, nikamuuliza huu mlio ni wa nini kama mimi sielewi. Kimya.

Mzee mmoja alikuwa amekaa nyuma kwenye maboksi, akainuka, nikamwamkia, akaichukua akaizungusha kidogo tu. Akamwambia kijana, "Mpe nyingine." Halafu akaenda kuitafuta yeye mwenyewe, akanikabidhi, "Ishike mwanangu, itikise kwanza kabla hujaondoka." Nikaitikisa, ngumu, imetulia. Raba ina bendi yake bapa ya kiwandani. Nikalinganisha urefu na meno ya huku na huku na ile mbovu, sawa sawa, na lile duara la meno ya ABS, ile ya breki kutojifunga, lipo, maana nyingine hazina na ukifunga taa ya ABS inakuwakia kwenye dashibodi.

Nilishapanga kuwapa sifuri ila siwezi kusema uongo, sasa hivi nageuza gari mataa ya Buguruni usukani mpaka mwisho na hakuna mlio wowote. Mali wanayo, na nzuri. Kwa hiyo ningesema nendeni, ila mumuulizie mzee na kila shafti muitikise wenyewe palepale.

Lakini mzee akiwa hayupo je? Utaangukia kwa yule yule. Kila nikikumbuka "we huwezi kuelewa" damu inanichemka upya, mtu kanichukulia hela yangu bila kumuulizia fundi, kwenye kurudisha ndo nikawa sielewi. Hapana, msiende. Gerezani maduka yamejaa, ingieni la pili.

Na jingine, shafti ukiichomoa oili ya gia boksi inamwagika, na ile kuchomoa na kurudisha ikakata oili sili, ile raba inayozuia oili isivuje. Sili mpya, oili na ufundi wa mara ya pili nimelipa mimi kwa kosa lao, nikaomba wanirudishie hata nusu, kijana akacheka. Hiyo hela bado nawadai.