Kamera inayosoma safu moja na kuruka mbili: nyota mbili, labda

Naanza na nyota mbili kabisa, hasira zisije zikapoa kabla sijamaliza kuandika. Kamera yenyewe ni ya megapikseli 24, kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga, kina ukubwa wa filamu ya milimita 35, ni aina ambayo wapiga video wengi wa harusi wanayo au wanaitamani. Sifa zake zimejaa kwenye boksi, someni wenyewe. Mimi nina ugomvi na modi moja tu: HD ya fremu 120 kwa sekunde, ile tunayoitumia maharusi wakiingia ukumbini kwa mwendo wa taratibu.

Bwana harusi kavaa suti nyeusi ya mistari myembamba. Kifuani, mistari ikiwa imesimama wima, picha ni safi. Akikunja mkono amshike mkewe, mistari ya mkononi inalala, na papo hapo mkono mzima unawaka kijani na zambarau, rangi zinatambaa kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Luva za madirisha nyuma yao zimekuwa ngazi ngazi. Na juu ya hayo yote ukumbi unapepesa, giza, mwanga, giza, mwanga, mpaka macho yanauma.

Nikairudisha Kariakoo nilikoinunua. Kijana wa dukani hata klipu hakuitazama hadi mwisho. “Bosi, kamera nzima hiyo. Tatizo taa za ukumbi na suti ya bwana harusi.” Nikamwambia inaruka safu za pikseli kwenye kihisi. Akacheka, akarudi kwenye simu yake: “Kama imekushinda, si upige na simu tu?”

Haya, tuongee hiyo simu. Simu ya megapikseli 50 ikipiga picha ya kawaida huunganisha pikseli nne nne zilizo chini ya kichujio cha rangi moja, na picha inatoka ya megapikseli 12.5. Mwanga wa zote nne unahesabiwa, na kwa kuwa chenga, zile doa doa za picha za gizani, huja kwa kubahatisha, ukichukua wastani wa nne zinapungua nusu. Hakuna kinachotupwa. Kamera niliyoilipia pesa za kununua simu kadhaa, kwenye modi ile, inatupa theluthi mbili ya safu zake jalalani, na menyu haisemi neno.

Hesabu ni hii. Kihisi kina pikseli 6000 kwa 4000. Video ya umbo la 16:9 inatumia safu 3375. Safu husomwa moja baada ya nyingine, kutoka juu kwenda chini, na muda wake unaweza kuupima mwenyewe bila kifaa chochote. Tafuta balbu ya LED ya bei rahisi inayopepesa, imulike ukuta mweupe, weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/2000 ya sekunde, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuona gizani), rekodi. Ukuta utatoka na mikanda ya giza na mwanga iliyolala. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hufifia mara 100 kwa sekunde, na kila jozi ya mkanda wa giza na wa mwanga ni milisekunde 10. Hesabu jozi kutoka juu hadi chini ya fremu. Kwenye 4K, video yenye pikseli nyingi kuliko HD, ya fremu 25 napata jozi mbili na kitu kidogo, tuseme milisekunde 22. Kwenye HD ya fremu 120 napata kama robo tatu ya jozi, milisekunde 7 na kidogo.

Ni theluthi ya muda. Na lazima iwe hivyo, maana fremu 120 kwa sekunde zinakipa kihisi milisekunde 8.3 tu kwa kila fremu, na safu zote 3375 haziwezi kusomwa ndani ya muda huo. Gawanya 3375 kwa tatu upate 1125, zinazotosha kutengeneza HD ya safu 1080 na chache za kukata.

Kwa nini moja katika kila tatu, si moja katika kila mbili? Ni ule mpangilio wa rangi wa Bayer, ambao Kodak waliupatia hataza Marekani mwaka 1976: safu moja ina nyekundu na kijani, inayofuata kijani na buluu. Ukiruka moja moja utabaki na safu za aina moja, buluu hakuna kabisa. Ukisoma ya 1, ya 4, ya 7, ya 10, aina zinapokezana kama kawaida. Lakini safu hizo sasa zimeachana mbali, na mstari mwembamba uliolala ukiangukia safu ya nyekundu bila kugusa ya buluu iliyo jirani, kamera inaamini kwamba kitambaa ni chekundu. Upinde wa mvua wa mkononi unatoka hapo.

Kasi peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu kamera inaweza pia kuharakisha kwa kupunguza biti za kila pikseli, yaani usahihi wa kupima mwanga, kutoka 14 hadi 12. Ushahidi wenyewe ni kugeuza kamera. Piga kitambaa kilekile, umbali uleule, kamera ikiwa imelala kisha ikiwa imesimama. Yangu ikisimamishwa, mistari iliyokuwa ikiwaka inatulia. Maana yake pikseli zilizo ndani ya safu moja zinaunganishwa vizuri, wizi uko kwenye safu zenyewe. Na chenga je? Theluthi moja ya mwanga ndiyo inayotumika, kwa hiyo ISO 1600 inafanana na 4800.

Sasa sehemu inayoniuma kuandika. Kuhusu kupepesa, yule kijana alikuwa sahihi. Nusu. Kamera ilikuja ikiwa kwenye NTSC, mfumo wa video wa nchi za umeme wa hezi 60. Fremu 120 chini ya taa inayofifia mara 100 hazipatani, zinaachana mara 20 kila sekunde, na shata haiwezi kukaa wazi muda mrefu kuliko fremu yenyewe, hivyo 1/100 huipati hata ukiililia. Ingia kwenye menyu, badili iwe PAL, ule wa hezi 50 kama zetu, fremu 120 zitakuwa 100, weka shata 1/100. Kila safu sasa inakusanya pigo zima la taa, na kupepesa kunakwisha. Baadhi ya kamera zitadai kadi ifutwe kwanza, kwa hiyo hamisha kazi yako kabla. Angesema hayo tu, ningemnunulia soda.

Rangi za suti, hapana, hizo si taa. Dawa yake ni kuachana na HD ya fremu 100 penye vitambaa vya mistari, ukatumia 4K ya fremu 50. Hapo kamera inakata pembeni na kutumia eneo la 4000 kwa 2250, linalosomeka kwa milisekunde 15 hivi, na kila safu inasomwa. Ukiiweka kwenye taimulaini (mahali pa kuhariri video) ya fremu 25 unapata nusu ya mwendo, si robo. Lenzi ya 24 inakuwa kama 36, kwa hiyo beba ya 16 kama ukumbi ni mdogo.

Na niseme kweli, 4K yake ya fremu 25, inayosoma pikseli 6000 kwa upana halafu kuzipunguza hadi 3840, ni tamu kupita kamera yoyote ya bei hii niliyoishika. Suti ileile, mkono uleule, hakuna hata doa la rangi. Ila usizungushe kamera ghafla, milisekunde 22 zinatosha kupindisha nguzo.

Zile nyota mbili zisomeni tatu na nusu. Kesho naweza kusema nne. Dukani pale sirudi, hata kununua kifuniko cha lenzi.