Uzi wa merino uliotiwa rangi kwa mkono: sweta moja na skafu moja baadaye

Nimefuma kwa uzi wa akriliki miaka mingi na sina ubaya nao. Uzi wa kifahari uliotiwa rangi kwa mkono nilikuwa nauona pichani tu, na swali langu lilikuwa moja: ile tofauti ya bei mtu anaihisi akishavaa, au inaishia kwenye picha? Nikaagiza mashada manne. Kila shada lina gramu 100 na mita 400 hivi: merino (sufu laini ya kondoo) asilimia 80, kashmiri (manyoya laini ya mbuzi) 10, nailoni 10. Rangi ni buluu iliyokolea kama nili, imetawanywa vidoa vya rangi ya kutu.

Shada la kwanza nililiweka shingoni kabla hata ya kusoma lebo vizuri, maana shingo haidanganyiki kwa sufu. Halikuwasha. Unywele wa merino nzuri huwa na unene chini ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na wa kashmiri ni mwembamba vilevile, kwa hiyo ncha zake hazichomi ngozi. Nailoni imewekwa kuupa uzi nguvu. Pia uzi huu umesokotwa kwa nyuzi nne, na hilo lichunguze kabla ya kununua, kwa sababu uzi wa unyuzi mmoja ni laini ajabu lakini unaota vipele, yaani vidonge vidogo vya manyoya, mapema. Sweta yangu, baada ya miezi mitatu ya kuvaliwa, ina vipele vichache kwapani tu.

Kwa asiyezoea: uzi huu hauji ukiwa kibonge. Unakuja kama pete kubwa iliyopotwa. Ifungue msokoto, ivishe kwenye migongo ya viti viwili, kisha ndipo ukate vile vifungo vinavyoishika pete. Ukivikata mapema, utashinda siku nzima unafumbua mafundo. Zungusha kibonge kikiwa kimelegea, usiukaze uzi ukapoteza mnyumbuko.

Sasa lawama. Wakati wa kuzungusha, vidole vyangu viligeuka buluu. Rangi za sufu hushikana na unywele kwa msaada wa asidi, kama siki, pamoja na joto linalokaribia kuchemka. Joto likikatishwa mapema, au rangi ikizidi kile ambacho sufu inaweza kubeba, ile ya ziada inakaa juujuu na itachuja. Buluu na nyekundu zilizokolea ndizo zinazosumbua zaidi. Nilimwandikia muuzaji, akajibu siku hiyohiyo bila kubishana: niloweke mashada kwenye maji yenye siki, nipashe taratibu bila kukoroga mpaka yakaribie kuchemka, halafu niache yapoe humohumo sufuriani. Nilifanya hivyo. Maji yalipopoa yalikuwa karibu meupe, na suuza mbili zikamaliza kazi. Namshukuru kwa jibu, ila kwa bei ile kazi hiyo ilipaswa kuwa imefanyika kabla uzi haujafungwa.

Jambo lililonigharimu muda zaidi ni tofauti kati ya mashada. Mtia rangi anamimina kwa mkono, mashada machache kwa sufuria, kwa hiyo rangi yenye jina moja, hata iliyotiwa siku moja, haitoki sawasawa. Matatu kati ya yangu yalifanana. La nne lilikuwa jeusi kidogo na vidoa vyake vilikuwa haba. Usiku chini ya taa sikuiona tofauti hiyo, nikafuma kiwiliwili kuanzia chini, shada baada ya shada. Asubuhi nikasimama dirishani: mstari ulikuwa umekatiza tumbo kama mkanda. Nikafumua kila kitu mpaka pale shada hilo lilipoanzia na nikazidi, kisha nikafuma kwa vibonge viwili kwa pamoja, mistari miwili kutoka hiki, mistari miwili kutoka kile. Mkanda ulitoweka. Njia hiyohiyo ilizuia vidoa vya kutu visirundikane upande mmoja, jambo linalotokea pale mzunguko mmoja wa kufuma unapolingana na marudio ya rangi kwenye shada. Kwa hiyo yapange mashada yako kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuanza, na lile lisilofanana na wenzake lichanganye tangu mstari wa kwanza, au liweke kwa ajili ya kola na pindo.

Kipande cha majaribio, kile kidogo unachofuma kwanza ili kupima, pia usikiruke, na kifue. Sufu iliyotengenezwa ili isishikamane na kusinyaa ikifuliwa hutanuka sana ikilowa. Changu kilikuwa na vitanzi 28 kwa sentimita 10 kikiwa kikavu, na baada ya kufuliwa vikabaki 26. Kwenye sweta ya sentimita 100 kifuani, hizo ni karibu sentimita 8 za ziada.

Sweta ilikula kama mita 1,350. Uzi uliobaki niliufuma skafu ya kroshia, na hapo nilishangaa kwa furaha. Kitanzi cha kroshia kinameza uzi mwingi kuliko cha sindano mbili, kwa hiyo vidoa vilevile, ambavyo kwenye sweta vilikuwa kama chembe za vumbi la kutu, kwenye skafu vilikaa kama mbegu, kimoja kimoja. Kama unafuma kwa kroshia pekee, hesabu theluthi ya ziada ya uzi, na chagua mshono ulio wazi. Mshono uliobanana unaufanya uzi mwembamba kama huu kuwa mgumu, na ulaini ulioulipia unapotea.

Swali langu la mwanzo nimelijibu: tofauti naihisi kila ninapoivaa. Buluu ile haijalala kama rangi ya kiwandani. Ina vilindi, na mwanga ukibadilika nayo inabadilika. Naifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya sufu, naikamua ndani ya taulo, naianika ikiwa imelazwa, na haijachuja tena. Kwa mtia rangi huyohuyo nitarudi, ila nitaomba mashada matano yaliyotoka sufuria moja, rangi isiyo na vidoa, kwa kuwa sweta inayofuata nataka iwe ya misuko, yaani vitanzi vinavyopishana kama nywele zilizosukwa, na vidoa huficha misuko.