Toastmasters Kampala: inamfaa nani, na itumike vipi

Anayeogopa kusimama mbele za watu huahirisha mengi: usaili wa kazi, ombi la mkopo, hata kunyoosha mkono kwenye kikao cha chama cha akiba. Klabu za Toastmasters, za kujizoeza kuongea hadharani, zilizoanzia California mwaka 1924 na ambazo Kampala pia zipo, zinamfaa mtu huyo kwa sababu hazimsubiri ajiamini kwanza. Zinampangia siku na dakika, kisha anaitwa jina.

Kuhudhuria kama mgeni ni bure. Vikao viwili vitatu vinatosha kuamua. Anayeendelea kuwa mgeni baada ya hapo amepata maficho. Ukijiunga, omba kwanza kazi ya kupima muda wa wasemaji. Utasimama, utaeleza maana ya rangi tatu za ishara ya muda, na mwishoni utasoma nani alitumia dakika ngapi. Wote wanakutazama, lakini cha kusema unacho tayari kwenye karatasi. Ukishazoea, ingia kwenye maswali ya papo kwa papo, yanayojibiwa kwa dakika 1 hadi 2 bila maandalizi. Anayejidharau hukwama hapa kwa kutafuta jibu la kuwashangaza wenzake. Toa msimamo, sababu moja na mfano mmoja, uketi.

Hotuba ya kwanza ni ya kujitambulisha, dakika 4 hadi 6: kijani ikifika 4, njano 5, nyekundu 6. Wengi huiharibu kwa kuanza tangu kuzaliwa. Nyekundu inainuliwa wakiwa bado darasa la saba (P7). Chukua jambo moja tu, na kwa maoni yetu liwe lile lengo unaloliahirisha: unataka nini, nini kinakuzuia, utaanza na hatua gani, tarehe gani. Wanaklabu wakishaisikia tarehe hiyo watakuuliza, na swali hilo lina nguvu kuliko ahadi uliyojipa kimoyomoyo.

Andika maneno 500 hadi 600. Woga huharakisha ulimi, kwa hiyo ukijipima nyumbani ukamaliza kwa dakika tatu na nusu, usiongeze maneno, weka vituo. Usikariri yote, maana sentensi moja ikipotea inaondoka na zilizobaki. Kariri ya kwanza na ya mwisho, katikati shika kadi ndogo ngumu yenye mistari mitano. Karatasi ya A4 hutetemeka pamoja na mkono, na ukiiona inatetemeka woga unazidi.

Baada ya hotuba unapata tathmini ya dakika 2 hadi 3. Huu ndio upande dhaifu: mtathmini mwenye huruma humwaga sifa, nawe unaondoka bila cha kurekebisha. Mfuate kabla ya kikao: "Ndugu yangu, leo naomba uniangalie macho tu, kama nawatazama watu au natazama dari." Katika ngazi ya kwanza ya masomo ya Toastmasters kuna zoezi la kutoa hotuba, kupokea maoni, na kuyatumia kwenye hotuba inayofuata. Kwa mtu aliyezoea kujiambia "mimi siwezi", hakuna zoezi bora kuliko hilo, kwani anashuhudia kosa lile lile likipungua.

Kuna pia anayehesabu "aaa" na "eee" zako na kuzitangaza. Inauma mwanzoni. Dawa yake ni kufunga mdomo kila sauti hiyo inapotaka kutoka. Ukimya wa sekunde mbili hakuna anayeuhesabu.

Vikao vingi vya Kampala huendeshwa kwa Kiingereza, na kwa anayefikiri kwa Kiswahili hofu inakuwa mara mbili: ya watu na ya sarufi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, klabu ya Kiswahili ingekuwa na wateja. Kwa sasa, tumia sentensi fupi.

Woga unaokunyima usingizi au kukufungia ndani si kazi ya klabu. Muone mtaalamu, wapo Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Ada ya makao makuu ni dola 60 kwa miezi sita, na dola 20 za kujiunga mara moja. Jumla yake inapita shilingi za Uganda laki mbili na nusu, na klabu inaweza kuongeza mchango wake. Vipindi huanza Aprili na Oktoba. Ukiingia katikati unalipia miezi iliyobaki tu, kwa hiyo usingoje kipindi kipya.