Ushauri nasaha kwa baba na mtoto: maoni yangu baada ya vikao sita

Nilikwenda katika kliniki hii ya watoto jijini Dar es Salaam kwa ajili ya mwanangu wa miaka miwili na nusu, ambaye kituo anacholelewa mchana kilikuwa kimetuita mara tatu kwa sababu ya kuwang'ata wenzake. Mshauri alimtazama akicheza nami mkekani kwa takriban nusu saa, kisha akanigeukia na kuniuliza, "Baba, wewe unalala?" Tangu mtoto huyu azaliwe nimempeleka kliniki mara nyingi, akapimwa uzito na kuchanjwa, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Nilipewa dodoso la Edinburgh la kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, lenye maswali 10 kuhusu hali ya mtu katika siku saba zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Lilitungwa mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Mshauri alilisema hilo waziwazi, akaeleza kwamba sonona ya mwanamume mara nyingi hujificha katika hasira, pombe au kukawia kazini pasipo haja, na kwa hiyo hakuridhika na jumla ya alama zangu bali aliendelea kunihoji. Mimi nilikuwa mtu wa kukawia kazini.

Alinieleza pia utafiti uliofanyika katika eneo la Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la Lancet. Akina baba walipimwa sonona watoto wao wakiwa na umri wa wiki 8, na watoto wakachunguzwa walipofikisha miaka mitatu na nusu. Wale ambao baba zao walikuwa na sonona walionekana kuwa na matatizo zaidi ya kihisia na kitabia, hata baada ya sonona ya mama kuzingatiwa, na ukorofi ulijitokeza hasa kwa wavulana. Hakuyasema hayo kwa kunilaumu. Alinirudisha mkekani: mtoto aliniletea kizibo cha chupa mara nne, nikakipokea bila kumtazama, na mara ya tano akanirushia usoni. Nilikuwa nimeuona utundu tu. Mshauri aliona mtoto anayemwita baba yake kwa njia pekee inayojibiwa. Kwa uwezo huo wa kuona, naipendekeza huduma hii kwa moyo wote.

Kasoro zipo, na zinaniuma. Vikao hufanyika asubuhi za siku za kazi pekee, saa ambazo baba wengi hawawezi kuomba ruhusa, na kila kikao nimelipa shilingi 40,000 taslimu. Fomu ya kumsajili mtoto ina nafasi ya jina na simu ya mama tu. Zaidi ya yote, huduma haitolewi mpaka mtoto awe ameleta shida, ilhali dodoso lile lingeweza kutolewa kwa baba siku ya chanjo za mwanzo, akiwa ameketi kwenye benchi akisubiri zamu.

Mwanangu bado hung'ata, ingawa kituo hakijatuita kwa wiki tano sasa. Siku hizi nafika nyumbani kabla ya chakula cha jioni na tunacheza kwa vizibo vilevile. Kikao cha saba ni Jumanne ijayo, na nimemwomba mke wangu tuende pamoja.