Miezi mitatu na kolajeni ya samaki

Goti langu la kulia lilinishinda Ramadhani iliyopita. Nikishakuna nazi mbili, siinuki kwenye mbuzi mpaka nishike ukuta, na Tarawehe nikaziswali kitini. Binti yangu ndiye aliyenitajia kolajeni ya unga, ile protini ya ngozi, mifupa na viungo.

Kopo la kwanza nililirudisha dukani. Liliandikwa "kolajeni ya mnyama", basi. Nikauliza mnyama gani, muuzaji akanijibu, "Zote ni sawa, mama." Si sawa hata kidogo! Kolajeni hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe na samaki, na ya nguruwe pia. Tafuteni chanzo na alama ya halali kabla hamjatoa pesa.

La pili lilikuwa la ngozi na magamba ya samaki, gramu 300 kwa shilingi 3,400. Nilikunywa gramu 10 kila asubuhi. Unga huu umeshavunjwavunjwa kwa vimeng'enya, ndiyo maana huyeyuka hata kwenye maji baridi wala haugandi. Kwenye chai ya maziwa shombo halijifichi. Kwenye maji ya ndimu silisikii, tena mwili hauwezi kujenga kolajeni yake bila vitamini C.

Wiki saba sikuona kitu. Kufikia ya kumi nikawa nainuka bila ukuta. Maumivu yamepungua, hayajaisha, na mazoezi ya daktari wa viungo niliyafanya pia, kwa hiyo sifa zote siupi unga. Ngozi ya mikono imelainika kidogo, nywele ni zilezile. Tafiti nazo zinaonyesha nafuu ndogo ya ngozi na magoti, na nyingi zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Mwenye mzio wa samaki asiguse. Wala isichukue nafasi ya maharage au mayai, maana ni protini isiyokamilika.

Kilichoniuma ni sokoni Mji wa Kale, Mombasa. Minofu ya kolekole inakwenda mahotelini, ngozi na mifupa wanatupiwa paka, kisha sisi tunanunua kitu hichohicho kwenye kopo lililotoka ng'ambo.

Kopo jingine sijanunua. Ijumaa nateleka makongoro jikoni kwa makaa, muda wa saa tano, kwa ndimu na pilipili manga. Gramu siwezi kuzipima, lakini ile supu ikilala kwenye friji, asubuhi imeganda hata kijiko kinasimama wima. Hiyo ni jelatini, kolajeni iliyopikika, na miguu miwili inatulisha watu sita.