Miezi minane na kisawazishi cha 89600 VSA: kizime kwanza, ndipo ukiwashe

Mimi ni fundi kwenye mtandao mdogo wa TV ya kebo hapa Mtwara mjini. Chaneli zetu ni 64-QAM, yaani kila simboli (alama moja inayotumwa) ni mojawapo ya nukta 64; upana ni megahezi 8, simboli milioni 6.875 kwa sekunde. Tangu miezi minane iliyopita natumia 89600 VSA, programu ya Keysight ya kuchambua ishara, kwenye kompyuta mpakato, nikiiunganisha na analaiza ya spektra ya ofisini. Ina mambo mengi, ila nataka kuzungumzia moja tu: kisawazishi kinachojirekebisha chenyewe, ile ikwalaiza ya upande wa demodulesheni (kuisoma ishara iliyopokelewa), inayofuta madhara ambayo ishara imeyapata njiani.

Zamani tulitegemea mita ya mkononi. Ilitoa MER, yaani kipimo cha nukta za ishara zilivyokaa karibu na mahali pake (kikubwa ndicho kizuri), lakini namba hiyo ilitoka ikiwa imeshasawazishwa ndani kwa ndani. Shangani, nyumba za jirani na bahari, wateja wakalalamika kwamba upepo ukivuma picha zinagandaganda. Mita ikasema desibeli 36. Tukabadilisha king'amuzi, tukabadilisha tena. Mama mmoja tulimpelekea vitatu, na kila mara alitupokea vizuri. Mpaka leo naona vibaya nikipita mtaa ule.

Siku nilipofika na VSA, kwanza nilipima kisawazishi kikiwa kimezimwa. MER ilikuwa 24, na kila nukta imetawanyika kama wingu. Nikakiwasha, nukta zikajikusanya taratibu, namba ikapanda mpaka 36. Kijana ninayefanya naye kazi akaniambia, "Kaka, si iko safi hii? Tufunge vifaa twende."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kisawazishi hakijatengeneza waya wa mtu. Kimekadiria namna njia ilivyoiharibu ishara, kikaweka kinyume chake. Ukadirio huo unaweza kuutazama. Mchoro wa mwitikio wa njia ulionyesha milima na mabonde yanayojirudia kila megahezi 4 na kitu, na ule wa mpigo, unaoonyesha ishara kwa mfuatano wa muda, ukaonyesha mwangwi mdogo mikrosekunde 0.24 baada ya ishara kuu. Mwangwi huo ni ishara inayodunda huku na huku kati ya viungo viwili vibovu vya kebo. Ndani ya kebo yetu ishara husafiri kwa asilimia 85 ya kasi ya mwanga, kama mita 255 kwa mikrosekunde. Zidisha, unapata mita 61 za kwenda na kurudi, kwa hiyo viungo hivyo vimeachana kama mita 30. Tulipima kebo kwa hatua kutoka kwenye tapu, kifaa kinachogawa ishara kwenda nyumbani kwa mteja, tukaikuta konekta imeliwa na chumvi mpaka ndani. Upepo ulipoitikisa, mwangwi ulibadilika, na king'amuzi kikashindwa kuufuata. Baada ya kuibadilisha, MER bila kisawazishi ilikuwa 35.

Chikongola mambo yalikuwa tofauti. Kisawazishi kimezimwa 27, kimewashwa 28. Tofauti ndogo hivyo inakuambia usihangaike na mwangwi. Nilipoangalia nukta, zile za pembeni kabisa zilikuwa zimevutwa kuelekea katikati: amplifaya ilikuwa inasukumwa kupita uwezo wake. Kisawazishi hurekebisha upotofu wa mstari tu, kama mwangwi, mteremko wa nguvu kati ya masafa, au masafa mengine kuchelewa kuliko mengine. Kelele na amplifaya iliyolemewa hakiviwezi. Tulishusha ishara inayoingia kwenye amplifaya, yakaisha.

Kuhusu mipangilio, mwanzoni niliweka urefu wa kichujio cha kisawazishi (idadi ya simboli kinazozitazama kwa pamoja) mkubwa sana nikidhani ndiyo bora. Kinachelewa kutulia, na kinabeba kelele zaidi. Mwangwi wa mikrosekunde 0.24 haufiki hata simboli mbili, kwa hiyo simboli 21 zinanitosha kabisa. Kasi ya kujirekebisha ianzie chini: ukiipandisha mno nukta zinatetemeka, ukizidi zinasambaratika kabisa. Zikisambaratika usisubiri, kwa sababu kisawazishi hujifunza kutokana na simboli kilizozikisia, na kikikisia vibaya kinajifunza vibaya. Kirudishe mwanzo, punguza kasi, anza upya.

Kuna kosa nililolifanya ambalo nakuomba usilirudie. Kisawazishi kinaweza kugandishwa kibaki na hesabu zake. Nilikigandisha nyumba moja ya Ligula, nikahamia nyumba ya pili bila kukirudisha mwanzo. MER ikawa mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, nikapoteza saa mbili nikitafuta hitilafu ambayo haikuwepo. Nilikuwa nimempa mgonjwa huyu dawa ya yule.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Robert Lucky wa Bell Labs alichapisha njia ya kusawazisha laini za simu kiotomatiki mwaka 1965. Kwangu thamani yake ni kuweza kukizima na kuona ukweli. Kwa hiyo ukinunua kifaa chochote cha kupimia, hata kama si hiki, muulize muuzaji swali moja kabla hujatoa hela: MER kabla ya kusawazisha inaonekana wapi? Kwa 89600 VSA, kisawazishi kimo ndani ya leseni ya uchambuzi wa modulesheni, na mimi nilianza na leseni ya majaribio. Sasa kwenye daftari letu la kazi kila nyumba ina safu mbili, kimezimwa na kimewashwa, na Shangani ndiko tunakopita kwanza msimu wa kusi ukianza.